Alama Ambayo Insa Hakuifuta

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla mji mdogo wa Osterfehn haujaamka vizuri, Insa Behrends alipanda baiskeli yake na kuifuata njia ya kando ya mfereji hadi kwenye klabu ya tenisi. Upepo ulimpiga usoni akienda, na ajabu yake, ulimpiga usoni akirudi pia. Babu Enno alikuwa akisema upepo ule ni mwanachama wa klabu ambaye hajawahi kulipa ada hata siku moja.

Mfukoni Insa alikuwa na ufunguo wa lango, uliofungwa kwa uzi wa gunia la unga. Ulikuwa ufunguo wa babu. Babu Enno alioka mikate maisha yake yote, na hata alipoliacha duka lake, macho yake yalikataa katakata kulala mpaka kuche. Basi alizihamishia alfajiri zake klabuni. Alivimwagilia maji viwanja vitatu vya udongo mwekundu, kisha akavisawazisha kwa wavu mzito uliofungwa kwenye ubao mrefu. Aliuburuta nyuma yake, akizunguka kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka uwanja ukawa laini kama unga uliochekechwa. Insa alipokuwa mdogo, babu alimketisha juu ya ule ubao na kumburuta pamoja na wavu.

"Kaa vizuri, mama," alimwambia. "Uzito wako unanisaidia kazi."

Insa aliamini kabisa kwamba bila yeye viwanja vya Osterfehn visingenyooka.

Hivyo alijifunza kuusoma udongo kabla ya kujifunza kushika raketi. Kila mpira unaodunda kwenye udongo mwekundu huacha alama, na babu alizijua alama kama alivyoijua mikate. Mpira uliopigwa juu, ukashuka kutoka mawinguni, huacha alama ya mviringo kama andazi. Mpira wa kasi uliopigwa chinichini huacha alama ndefu na nyembamba, kama mtu aliyeteleza. Babu alimfundisha pia sheria ya klabu yao. Mahali pengine kila mchezaji husawazisha upande wake mechi ikiisha. Osterfehn, mshindi huburuta uwanja wote.

"Kwa nini mshindi, babu? Si amechoka?"

"Aliyeshindwa tayari ana mzigo wa kubeba," babu alijibu. "Usimwongezee na wavu."

Babu Enno alifariki majira ya baridi, wakati viwanja vimelala chini ya theluji. Masika yalipofika, hakuna mtu klabuni aliyeuliza nani atafungua lango alfajiri. Insa aliuchukua ufunguo kwenye msumari karibu na kofia ya babu. Kofia aliiacha palepale.

Asubuhi moja ya kiangazi kilichofuata, aliporudi kutoka uwanjani, Bibi Tomma alikuwa ameshaandaa chai. Sukari ya mawe ilikuwa ikipasuka ndani ya vikombe, na jikoni kulikuwa na moshi.

"Bibi, umeunguza tena mkate?"

"Sijaunguza. Umeiva sana," alisema Bibi Tomma, huku akikwangua weusi kwa kisu. Mji mzima ulijua kwamba mke wa mwoka mikate hakuwahi kuoka mkate hata mmoja usioungua. Babu alikuwa akiwaambia wateja kwamba alimwoa kwa sababu ya chai yake.

Pembeni mwa meza kulikuwa na bakuli kubwa lililofunikwa kitambaa. Insa alinyoosha mkono akifunue, akapigwa kofi jepesi.

"Usiguse. Unga unaumuka."

"Wa nini?"

"Unajua wa nini."

Ndiyo, Insa alijua. Miaka mingi nyuma, babu alikuwa ameweka ahadi: siku jina la Insa litakapoingia kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, ataoka mkate wenye umbo la raketi, wenye kamba zake zote, na mji mzima utakula. Kiangazi hiki, kwa mara ya kwanza, mashindano ya wachezaji wa kulipwa yalikuwa yakifanyika Osterfehn kwenyewe, kwenye viwanja vya babu. Klabu ilimpa Insa, aliyekuwa na miaka kumi na sita, nafasi kwenye mechi za mchujo. Ya kwanza ameshinda. Leo ilikuwa ya mwisho. Akishinda, ataingia kwenye mashindano yenyewe, na huko ushindi mmoja tu unatosha kumwingiza mtu kwenye orodha ya dunia.

"Bibi, bado sijashinda hata hiyo ya leo."

"Unga hauwezi kungoja matokeo," alisema Bibi Tomma. "Kunywa chai."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Foelke, rafiki yake Insa tangu shule ya awali, ambaye mwenyewe alicheza tenisi kama mtu anayefukuza nyuki.

"Moin!" alisalimia kwa salamu ya mji wao. "Mchezaji wa dunia bado anakula? Nimemwona huyo mpinzani wako. Amelala ndani ya gari lake nyuma ya klabu, miguu imetokeza dirishani!"

"Kwa nini asilale hotelini?"

"Niiulize miguu?"

Wote watatu walicheka, na Bibi Tomma akawamiminia tena chai.

Mpinzani aliitwa Milada. Alikuwa Mcheki, mwanamke mrefu wa miaka ishirini na kitu, mwenye bega lililofungwa bandeji na lafudhi iliyoyafanya maneno yake yasikike kama yanaruka kamba. Alizunguka peke yake katika gari dogo lililojaa raketi, kutoka mji hadi mji, akitafuta pointi za kumrudisha alipokuwa kabla ya bega lake kuumia. Alimpa Insa mkono na kutabasamu.

"Wewe ndiye mwenyeji? Huu uwanja ni mzuri sana. Nani anautunza?"

"Babu yangu," Insa alijibu. Kisha akainama kufunga kamba za viatu, kwa sababu hakujua amalizie vipi.

Katika mechi za mchujo hakuna mwamuzi kwenye kiti. Kila mchezaji huamua mwenyewe mipira inayoangukia upande wake, kama ni ndani au nje. Mwenzake akiwa na shaka, huja kuonyeshwa alama kwenye udongo. Wakishindwa kuelewana, humwita msimamizi. Msimamizi wa siku ile alikuwa Bwana Ubben, mzee mwenye kofia ya majani aliyekuwa akitembea taratibu kati ya uwanja mmoja na mwingine.

Seti ya kwanza alichukua Insa. Upepo ule mkorofi alikuwa amekua nao, na alijua lini utashika mpira na lini utauachia. Seti ya pili Milada alishajifunza. Alianza kupiga mipira ya kasi, chinichini, ambayo upepo haukuipata, akaichukua seti hiyo. Ikabaki sehemu ya kuamua: wa kwanza kufika pointi kumi, akimwacha mwenzake kwa pointi mbili.

Milada alijifuta jasho na kuutazama uwanja. Ulikuwa umejaa nyayo na alama juu ya alama.

"Tuburute kidogo kabla ya kuanza? Umechafuka."

Insa alikuwa na hasira ya seti aliyopoteza. Aliogopa kwamba akikaa, mkono utapoa na hofu itampata. Babu asingekubali hata kidogo. Angekuwa ameshauchukua wavu. Lakini babu hakuwepo.

"Hapana," alisema. "Tuendelee tu."

"Haya. Mwenyeji ni wewe."

Walikwenda bega kwa bega. Foelke, nje ya uzio, alikuwa amekunja kofia yake mpaka ikafanana na kitambaa cha vyombo. Milada alifika tisa, Insa nane. Pointi moja zaidi kwa Milada na mechi imekwisha. Mpira ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, kisha Milada akaupiga kwa nguvu zake zote, chinichini, kuelekea kona ya mbali. Insa alikimbia akanyoosha raketi. Hakuufikia. Mpira ulidunda karibu kabisa na mstari na kupotelea kwenye uzio.

Kidole cha Insa kilikuwa tayari hewani.

"Nje!"

Milada aliuvuka uwanja, akaja.

"Nionyeshe."

Insa alitazama chini. Pale, upana wa kidole nje ya mstari, palikuwa na alama. Ilikuwa ya kwanza aliyoiona, na moyo wake ulifurahi mno kuiona hata hakuitafuta nyingine.

"Hii hapa."

Milada aliitazama ile alama. Kisha akauinua uso na kumtazama Insa.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bwana Ubben alikuwa uwanja wa pili tu. Sauti moja ingetosha kumwita. Milada hakumwita.

"Basi sawa," alisema. "Tisa kwa tisa."

Kwa kanuni, hapo walibadilishana pande. Insa akapiga mpira wa kuanzia uliomwacha Milada amesimama. Pointi iliyofuata, Milada aliupiga mpira ukanasa kwenye wavu wa katikati. Mechi ikaisha.

Foelke alipiga kelele hadi bata wakaruka kutoka kwenye mfereji. Juu ya kibaraza cha klabu, Bibi Tomma aliinua chupa ya chai kama mtu anayeinua kombe. Milada alikuja kwenye wavu wa katikati akinyoosha mkono.

"Umecheza vizuri, mdogo wangu. Haya, hapa kwenu nani anaburuta?"

"Mshindi. Uwanja wote."

"Desturi nzuri," alisema Milada, akalishika bega lake bovu. "Leo ndiyo naipenda hasa."

Alicheka kidogo, akachukua mifuko yake na kwenda zake.

Insa aliuchukua wavu wa kuburuta kwenye ndoano yake. Upande wa kwanza aliumaliza akiimba moyoni. Aliuona mkate wa raketi. Aliuona mji mzima umesimama jikoni kwa Bibi Tomma. Akahamia upande wa pili, akaanza pembeni kwenye uzio, akazunguka, akazunguka tena, mpaka akaikaribia ile kona.

Akasimama.

Alama aliyomwonyesha Milada ilikuwa palepale. Ilikuwa ya mviringo, kama andazi. Na hatua moja kutoka hapo palikuwa na alama nyingine, ndefu na nyembamba, ambayo kichwa chake kilikuwa juu ya mstari mweupe. Udongo mwekundu ulikuwa umepakwa juu ya weupe wa mstari kama mtu amepitisha kidole.

Insa hakuhitaji kufundishwa. Mpira wa mwisho wa Milada ulikuwa wa kasi, chinichini. Mpira wa namna ile hauachi andazi. Lile andazi sasa alilikumbuka vizuri: ulikuwa mpira wa juu wa seti ya pili, ambao yeye mwenyewe aliuacha upite kwa sababu aliuona unakwenda nje. Kama wangeburuta uwanja kabla ya sehemu ya mwisho, andazi lisingekuwepo. Ingekuwepo alama moja tu, na ingesema ukweli.

Mpira wa Milada ulikuwa ndani. Mechi ilikuwa imekwisha pale pale, kumi kwa nane, na aliyeshinda hakuwa Insa.

Nyuma yake wavu ulikuwa umelala, unangoja. Hatua mbili tu na zote zingefutika, andazi na ukweli pamoja. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Aliushika ubao kwa nguvu. Akavuta. Lakini miguu yake, ambayo tangu utoto ilijua kuzunguka tu, ilizunguka. Ilipita kushoto kwa ile kona, ikarudi kulia kwake, ikaendelea hadi katikati. Alipoutundika wavu na kugeuka, uwanja wote ulikuwa laini, isipokuwa kwenye kona ile. Pale palibaki kipande kidogo kilichochafuka, kama kisiwa.

Alipanda kibarazani. Foelke alimrukia shingoni, akambusu, akaanza kupanga nguo atakazovaa kwenye mechi ijayo, kana kwamba ni yeye atakayecheza. Bibi Tomma alimmiminia chai. Alikuwa akitazama uwanjani.

"Umeacha kisiwa," alisema.

Insa alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Babu yako naye aliwahi kuacha kisiwa," Bibi Tomma aliendelea taratibu. "Ndege wa pwani alikuja akataga kwenye kona ya uwanja wa tatu. Enno aliuburuta uwanja wote akamzunguka, akakataza watu kucheza mpaka vifaranga walipoondoka. Mwenyekiti alikasirika hadi masharubu yakamsimama." Akanywa chai yake. "Hicho chako kina mayai gani?"

Ndipo Insa akalia. Akasema yote, tangu kukataa kuburuta mpaka ile alama ndefu.

Foelke alisikiliza akiwa ameachama. "Nyamaza!" alinong'ona. "Nani ameona? Yeye mwenyewe alikubali! Mmepeana mikono, mechi imekwisha. Hata ukisema sasa, nani atairudisha? Utajichafua bure."

"Mpira ulikuwa ndani, Foelke."

"Na wewe ulidhani uko nje! Si ulidhani?"

Insa alifikiri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nilitaka uwe nje," alisema. "Sikutafuta alama nyingine."

Alimtazama bibi yake ili amwambie la kufanya. Bibi Tomma alimpa leso, basi.

"Mimi sikushika raketi," alisema.

Milada alikuwa akipanga raketi ndani ya gari. Insa alimwomba waende uwanjani mara moja, na Milada, bila kuelewa, alimfuata. Walifika kwenye kisiwa. Insa alionyesha kwa kidole, kwanza alama ya mviringo, kisha ile ndefu. Hakuhitaji maneno mengi. Milada alichuchumaa. Alipitisha kidole juu ya mstari, upepo ukimpeperusha nywele.

"Kumbe," alisema mwishowe. Akasimama, na uso wake haukuwa na tabasamu. "Unajua nimeendesha gari kutoka wapi kuja hapa? Unajua nimelala vipi?"

"Samahani."

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Ndiyo, uliniuliza. Samahani, dada Milada."

Milada aliipiga teke kokoto moja, ikagonga uzio. Kisha akashusha pumzi. "Na mimi ni mjinga. Nilitazama uso wako badala ya udongo. Nikajisemea, mtoto mwenye uso huu haongopi." Akamtazama tena Insa, aliyekuwa na macho mekundu kama uwanja. "Haya. Labda sikukosea sana. Twende kwa huyo mzee mwenye kofia."

Bwana Ubben aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama katika ofisi ndogo ya klabu. Alikwenda akaiangalia alama, akarudi, akavua kofia yake ya majani, akaivaa tena.

"Binti, katika miaka yangu yote wachezaji wamenijia kulalamika kwamba wameonewa. Hakuna aliyewahi kunijia kulalamika kwamba ameshinda." Akatikisa kichwa. "Lakini mlipeana mikono. Kanuni haiwezi kurudi nyuma. Matokeo ni yaleyale, na nafasi ni yako."

Foelke, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, aliachia pumzi iliyosikika mpaka ndani. Insa alijisikia mwepesi kwa kufumba na kufumbua. Kumbe angeweza kusema kweli na bado akacheza! Kumbe mkate bado upo! Kisha akamwona Milada akiuinua mkoba wake taratibu, kwa lile bega zima, tayari kwenda kwenye gari lake.

"Bwana Ubben," Insa aliuliza, "mtu akijitoa, nafasi yake anapewa nani?"

"Aliyeshindwa kwenye mchujo mwenye nafasi ya juu kuliko wenzake kwenye orodha ya dunia." Bwana Ubben alipepesa macho kuelekea kwa Milada. "Ambaye ni huyu."

"Usifanye hivyo," Milada alisema haraka. "Umeshasema kweli. Inatosha."

"Haijatosha," Insa alisema. "Nikicheza, nitakuwa nakaa kwenye kiti chako. Najitoa, Bwana Ubben."

Nyuma ya mlango Foelke alisema neno moja ambalo mwalimu wao asingelipenda. Bwana Ubben alimtazama Bibi Tomma, aliyekuwa amewafuata na chupa ya chai mkononi.

"Wewe ndiye mlezi. Unakubali?"

"Mjukuu wangu amesema," alijibu Bibi Tomma. "Masikio yangu mabovu, lakini hilo nimelisikia."

Walipotoka, Insa alikwenda moja kwa moja kwenye ndoano ya wavu amalizie kona ile. Lakini mkono mwingine ulishamtangulia.

"Kwenu si mnasema mshindi huburuta?" alisema Milada.

"Na bega lako?"

"Kwa kisiwa kidogo namna hii? Litaweza."

Milada aliuvuta wavu taratibu juu ya ile kona. Andazi likafutika, alama ndefu ikafutika, na udongo ukalala laini hadi kwenye mstari. Insa alitazama na kushangaa kwamba hakusikia uchungu aliodhani atausikia. Alisikia njaa.

Jioni ile jikoni kwa Bibi Tomma kulijaa moshi. Juu ya meza palikuwa na mkate mkubwa wenye umbo la raketi. Kamba zake zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, na mpini ulikuwa mweusi kabisa.

"Bibi," Insa alisema, "lakini sijaingia kwenye orodha."

"Nilikuambia unga hauwezi kungoja matokeo. Kata."

Milada alikuwa amealikwa, na tayari alikuwa ameshakunywa vikombe vitano vya chai. Kila alipomaliza, Bibi Tomma alimmiminia kingine, naye kwa adabu akakinywa. Macho yalikuwa yameanza kumtoka. Foelke, ambaye bado alikuwa amenuna, alishindwa kuvumilia.

"Dada, weka kijiko ndani ya kikombe," alimnong'oneza. "Kwetu ndiyo ishara ya kusema umetosheka. La sivyo utalala hapa na chupa."

Milada alikitumbukiza kijiko haraka kama anayezima moto. Wote walicheka, hata Foelke, na mnuno wake ukaishia hapo.

Walipokuwa wakila upande wa mkate ulionusurika, Insa aliuliza kile kilichokuwa kikimzunguka kichwani. "Bibi, mimi ni mwongo?"

Bibi Tomma alikiweka kisu chini. "Sikiliza, mama. Mimi kila siku nachungulia tanurini, naona mkate haujaungua. Kwa nini? Kwa sababu nataka usiwe umeungua. Macho ya binadamu ndivyo yalivyo, huona yanachokitamani. Pale uwanjani ulifanya kosa la macho na kosa la haraka. Ungekubali kuburuta, macho yasingepata pa kudanganyia. Hilo ulishike, maana kazi iliyorukwa hurudi na kudai." Alimshika mkono. "Lakini baadaye ukatazama mara ya pili. Hapo ndipo mtu huchagua. Anayejifanya hakuona, huyo ndiye mwongo. Wewe umeona, ukasema, kisha ukarudisha kisicho chako, na kilikuuma. Mwenye kufanya hivyo ni mkweli, hata kama asubuhi yake alikosea."

Akausogeza mkate kwa Insa.

"Babu yako angekuambia hivyohivyo. Ila yeye angekupa mkate ulioiva."

Milada alishinda mechi yake iliyofuata, akashindwa ile nyingine, akaondoka na gari lake dogo likiwa limejaa raketi na kipande cha mpini mweusi kilichofungwa kwenye leso. Mwaka uliofuata alimpigia Insa simu, akamwita wacheze pamoja kama timu katika mji wa mbali. Ni huko, kwenye uwanja usio na upepo hata kidogo, Insa alipopata pointi yake ya kwanza, na jina lake likaingia chini kabisa kwenye orodha ya dunia. Bibi Tomma alioka tena. Uliungua tena.

Lakini Insa anapokumbuka kiangazi kile, huikumbuka asubuhi iliyofuata siku ya kisiwa. Aliamka mapema kama kawaida ili auandae uwanja kwa ajili ya mechi ya Milada. Bibi Tomma alikuwa ameshasimama mlangoni, amevaa koti, na kichwani alikuwa na kofia ya babu.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Na wewe."

Uwanjani, Insa alimwagilia maji, akaushusha wavu kwenye ndoano. Alipoinama kushika kamba, alisikia ubao ukilia nyuma yake. Akageuka. Bibi Tomma alikuwa ameketi juu ya ubao, miguu ameikunja, mikono ameiweka magotini, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi.

"Vuta basi," alisema. "Uzito wangu unakusaidia kazi."